Samaki Wangu wa Macho Matatu

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Budapest nilipangiwa kueleza darasani neno moja la Kimansi: asili yake, na linavyobadilika umbo. Dakika kumi tu. Kimansi ni lugha ya Siberia, upande wa mto Ob, na sensa ya Urusi ya 2010 ilipata wasemaji wasiofika 1,000. Nikajisemea, hapa nani wa kunikosoa?

Nikachagua sam, yaani jicho. Nilianza vizuri: Kihungari szem, Kifini silmä, ukoo mmoja, ila Wamansi na Wahungari ile l wameimeza. Profesa akaitikia kwa kichwa. Ningeishia hapo! Lakini kiherehere.

Nilikuwa nimechora samaki mkubwa ubaoni. "Samaki hafumbi macho," nikasema, "na kwetu anaitwaje? Sam-aki!" Nikasimulia neno lilivyosafiri kutoka Ob hadi Kilwa, -aki likiokotwa njiani. Wapi, sikusema.

Mbele alikaa dada mmoja wa Muscat, bibi yake mzaliwa wa Unguja. Akanirukia kwa Kiswahili, sauti ya kufika koridoni: "We kaka, ona haya! Samak ni Kiarabu. Mmelikopa kwetu, leo unawagawia watu wa Siberia?"

Nikajitia kiziwi, nikakimbilia sarufi. Jicho sam, macho samyt. Nikaandika SAMYT kando ya kichwa cha samaki, na mshale juu.

"Samaki wako ana macho mangapi?" akauliza Profesa.

"Mawili, Profesa."

"Mbona umeandika matatu au zaidi?"

Kumbe Kimansi kina umoja, kina uwili, ndipo uje wingi. Macho mawili ni samyg. Ile -t inaanzia matatu. Ukurasa huo niliuona usiku wa jana yake nikauruka, maana kwa Mswahili kikishapita kimoja ni vingi, basi. Dada wa Muscat, ambaye Kiarabu chake kina uwili tangu hapo, alikuwa amelalia meza, mabega yanamtikisika.

Mimi nikafanya nini? Nikachukua chaki nikamwongezea samaki jicho la tatu.

Alama za kule ni 1 hadi 5, na 1 ndiyo kufeli. Nikapata 2. Yule dada akachungulia karatasi yangu.

"Mbili," akanong'ona. "Kaka, hiyo nayo utaiwekea -t?"