Ukimya wa A220 una bei yake

Ndege ya safari fupi hupaa na kutua mara kadhaa kwa siku, na kila mara humpitia juu ya bati mkazi yuleyule. Wa Kipawa na Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa.

Dawa ya kelele hiyo inajulikana tangu 1952, mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alipoonyesha kwamba nguvu ya sauti ya mkondo wa hewa utokao kwenye injini hupanda kwa kipeo cha nane cha kasi yake. Kasi ikipungua kwa nusu, sauti hushuka takribani desibeli 24. Kwa hiyo ni afadhali kusukuma hewa nyingi taratibu kuliko hewa kidogo kwa kishindo. Hapo ndipo feni, pangaboi la mbele ya injini, zilipoanza kunenepa. Lakini feni pana ikizungushwa mbio, ncha za mapanga yake huipita kasi ya sauti na kukereza kama msumeno. Pratt & Whitney, watengenezaji wa injini wa Marekani, wakaweka gia: feni izunguke polepole, tabaini (gurudumu la mapanga linalosukumwa na gesi moto) inayoiendesha ikimbie itakavyo. Katika injini za Airbus A220, hewa inayopita nje ya kiini, sehemu ya ndani inayochoma mafuta, ni kama mara 12 ya inayoingia ndani. Kwa injini aina ya CFM56 za Boeing 737 za kizazi kilichopita ni kama mara tano.

Air Tanzania walipokea A220 ya kwanza Desemba 2018. Mwaka 2022 baadhi ziliegeshwa kwa matatizo ya injini. Hapa wanaoshuku teknolojia hii wana hoja nzito: ukiwa na ndege nne za aina moja, ikilala moja, robo nzima imelala.

Ila gia isisingiziwe. Yenyewe imestahimili, miongoni mwa vilivyosumbua injini za familia hii ni sehemu ya moto, yaani mafuta yanapochomwa, iliyochakaa mapema. Hata hivyo siwezi kuutenga ukimya na lawama kabisa, kwa kuwa feni ikikua, kiini kidogo hulazimika kuunguza kwa joto kali zaidi.

Bado naitetea injini hii. Shirika huinunua kwa kuwa inabana mafuta; mkazi wa Kiwalani, ambaye huenda hajawahi kukata tiketi, hupata usingizi. Faida hiyo haiandikwi kwenye hesabu za shirika lolote, nayo ni ya kweli. Ninachodai ni kwamba idadi ya injini za akiba, na mahali zitakapokaa, viandikwe kwenye mkataba kabla ndege haijapakwa rangi.