Mbwa Wangu Ananilipisha Ukimya

Jamani, mimi sina ugomvi na mbwa kubweka. Ugomvi wangu ni huyu wa kwangu kubwekea kila kitu. Muuza kahawa akigonganisha vikombe, anabweka. Mwenye tenga la samaki akipita, anabweka. Baiskeli nazo anazibwekea, na hapa ni Tanga, ukiamua kubwekea baiskeli za Makorora utakufa na kiu kabla ya adhuhuri. Timu yetu ya Coastal Union wakifunga goli pale uwanja wa Mkwakwani, mji mzima unapiga kelele na yeye yumo. Wakifungwa, mji unanyamaza, yeye anaendelea. Nadhani watani wao African Sports wanamlipa.

Jina nalo limeniongezea kesi. Mke wangu alilitoa kwenye kanga: Hayawahusu. Hebu niwazie saa nane za usiku, mtu mzima nimetoka uani na msuli, nafoka, "Hayawahusu! We Hayawahusu!" Jirani wa upande wa mnazi hajanisalimia tangu mfunguo sita. Yeye anajua nilikuwa namjibu.

Basi bwana mifugo alipopita na chanjo ya kichaa cha mbwa nikamshika mkono, nikamweleza yote. Akasema kubweka si ugonjwa, nitazame kwanza kinachombwekesha. Wapo wanaolinda mahali pao, wapo waoga, wapo wapweke waliokosa shughuli, na wapo wanaotaka tu kutazamwa. Nikamuuliza, na anayebweka kwa yote manne? Akacheka, akanipa masharti. Ziba pengo la geti asione njia. Mtembeze mpaka achoke. Usimfokee, maana ukifoka anaona umetoka kumuunga mkono. Akibweka, mwambie "kimya" mara moja, kwa sauti ya chini. Akinyamaza hata kwa sekunde chache, hapo hapo mpe kitu anachokipenda. Kisha vuta muda, sekunde ziongezeke kidogo kidogo. Na nyumba nzima mfanye hivyo hivyo, asiwepo wa kwenda kivyake.

Hilo la mwisho alilisema anapanda pikipiki, kwa haraka, na ndilo lenye mzigo wote.

Geti nimeliziba kwa magunia ya mkonge, na hapo sina lawama, baiskeli asizoziona kaziachia. Zilizobaki anazisikia. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa linapita 40,000, kwa hiyo breki kavu ya baiskeli ina mlio mwembamba mimi siupati kabisa, yeye anaupata wote bila makato.

Kumtembeza je? Mtembeze mbwa kwa kamba toka Makorora hadi Raskazone uone utakavyohojiwa. "Mgosi, unampeleka kuuza?" "Anaumwa?" "Umemwokota wapi?" Watoto wanamtupia mawe halafu wanakimbia wakipiga mayowe, na mimi nilitoka nyumbani nikitafuta utulivu. Ijumaa mchana ndiyo siendi tena. Mbwa katoka baharini, kalowa, na wazee wanakuja na kanzu nyeupe wanawahi msikitini. Yeye akasimama katikati ya njia ajikung'ute. Mate ya mbwa na majimaji yake, kwa sisi watu wa pwani, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nilimkumbatia mbwa mzima mzima nikalowa mimi. Sikuwa na uso wa kumwambia mzee wa watu arudi nyumbani akatafute udongo wakati adhana imeshakwisha.

Turudi ndani ya nyumba. Mimi nasema "kimya". Mke wangu anasema "hebu!" Watoto wanasema "shii", halafu wao wenyewe wanabweka ili wamwone atafanyaje. Mama mkwe, ambaye ametoka Muheza kuja kutusalimia na sasa ana kabati lake, hasemi kitu, anarusha ndala. Bwana mifugo alituonya kwamba anayebwekea kutazamwa dawa yake ni kutomtazama, na kwamba atazidisha kwanza kabla ya kupunguza. Alizidisha kweli! Tukavumilia, tumejifunika mito vichwani, sauti ikaanza kumkauka, nikamwambia mke wangu tumebakiza kidogo. Hapo mama mkwe akainuka, akafungua dirisha, akamtupia kitumbua. "Watoto walale," anasema. Shikamoo mama! Mbwa akapata elimu usiku ule ule: ukibweka kidogo huambulii kitu, ukikazana mpaka saa tisa kuna kitumbua. Angekuwa mtu angegombea udiwani.

Mpwa wangu aliyeko chuoni akaja na habari za Pavlov, Mrusi aliyepewa Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula. Mbwa wake walizoea dalili za chakula, wakawa wanadondokwa na mate kabla chakula chenyewe hakijafika. Nikamwambia mwanangu, kwangu mambo yamegeuka. Hayawahusu akibweka, mimi ndiye ninayenyanyuka kwenda kwenye kopo la dagaa.

Maana ameshaijua biashara. Anakuja mlangoni, hakuna mtu, hakuna baiskeli, hakuna hata paka. Anabweka mara mbili, ananyamaza mwenyewe, anakaa, ananitazama. Hajaambiwa "kimya". Amefungua duka, mimi ndiye mteja. Nikampigia bwana mifugo, akasema ni kawaida, ameunganisha kubweka na malipo. Sasa mlipe akiwa ametulia kabla hajabweka. Vizuri. Nikawa nazunguka uani na kopo mkononi natafuta mbwa aliyetulia. Nikamkuta kalala chini ya mwembe. Nikamwekea dagaa puani kwa adabu zote. Akashtuka, akabweka mpaka muuza mkaa akageuza baiskeli.

Mwingine baraza la kahawa akanishauri nimwache huyu nitafute Basenji, mbwa wa asili ya Kongo ambao hawabweki kama wengine. Nikasikiliza kwa hamu. Kumbe wana mlio wao wa kupanda na kushuka kama kuimba. Hapana, asante. Mji huu umeshatoa Black Star na Lucky Star, taarabu inatutosha.

Sasa nasema kweli, amepungua. Anaweza kumaliza alasiri nzima bila neno, mradi kopo lipo karibu. Ndipo nikaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Jirani wa mnazi kaibiwa baiskeli usiku, na analalamika kwamba mbwa wangu hakubweka! Nikamkumbusha kwamba mwezi uliopita alinishtaki pale pale, kwenye benchi lile lile, kwa kubweka. Anasema yale yalikuwa mengine. Balozi akawaza, akaamua mbwa abweke kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, mchana apumzike. Nikauliza nani atamsomea ratiba. Wakanitazama wote.

Kwa hiyo sasa zamu ya usiku nayo ina malipo yake. Na wala hataki tena dagaa wa Mwanza, anawanusa na kugeuza shingo. Anataka wa bahari, wabichi. Nani anakwenda soko la samaki la Deep Sea kesho asubuhi? Nimpe hela aniletee fungu moja, lile dogo.