Kimono za Dhahabu za Kitakyushu: Je, Vijana wa Japani Wanavunja Mila?

Jumatatu ya pili ya kila Januari, Japani huadhimisha siku ya kuwapongeza vijana waliofikia utu uzima. Ni sikukuu ya taifa. Halmashauri ya kila mji huwaalika vijana wake ukumbini, meya huwahutubia, wasichana huvaa furisode, ile kimono yenye mikono inayoning'inia hadi karibu na kifundo cha mguu, na wavulana wengi siku hizi huja na suti nyeusi. Mwaka 2022 sheria ilishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 20 hadi 18, lakini miji mingi imebaki na 20 kwa ajili ya sherehe, kwa kuwa wa miaka 18 wanahangaika na mitihani ya kuingia chuo kikuu.

Katika mji wa Kitakyushu, uliokua kwa viwanda vya chuma kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, sherehe hiyo ina sura nyingine. Wavulana hutokea na hakama, suruali pana za marinda walizovaa samurai wa zamani, ila zao ni za rangi ya dhahabu, ya fedha au ya waridi. Mabegani wametupia manyoya. Nywele zimesimamishwa kwa dawa na kupakwa nyekundu au njano, na bendera ndefu walizobeba zimeandikwa majina yao kwa herufi kubwa. Baadhi ya wasichana huiteremsha kimono hadi mabega yaonekane, kwa mtindo wa makahaba wa daraja la juu wa zama za Edo (karne ya 17 hadi ya 19). Jioni picha zao huwa zimeenea nchi nzima, na ugomvi wa kila mwaka unaanza upya. Wako wanaosema hii ni aibu kwa mji na kwa vazi la heshima, na wako wanaosema waacheni, ni siku moja tu ya ujana wao.

Nianze na upande unaolalamika, maana sisi tulio mbali hupenda kuupuuza. Mtoto wa Kijapani hufundishwa tangu chekechea asiwe kero kwa wenzake. Wanafunzi husafisha madarasa yao wenyewe na hushika zamu za kuwapakulia wenzao chakula cha mchana. Ndani ya treni ya asubuhi, iliyojaa watu hadi mlangoni, ni nadra kumsikia mtu akiongea na simu. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, watu waliopoteza nyumba zao walipanga foleni wakisubiri maji. Utulivu wa namna hiyo haukushuka kutoka mbinguni. Umejengwa na watu ambao kila mmoja alikubali kuibana nafsi yake kidogo kwa faida ya wengine. Mzee aliyeishi hivyo maisha yake yote, akimwona kijana anayetaka macho yote yawe kwake katika siku iliyo ya wote, ana haki ya kuuliza nani atakayeubeba mzigo huo yeye akishaondoka.

Tena malalamiko hayakuanza na nguo peke yake. Mwaka 2001, katika mji wa Takamatsu, vijana walimrushia meya fataki akiwa anahutubia, na baadhi yao wakakamatwa. Mwaka huohuo, mkoani Kochi, kelele za ukumbini zilimfanya gavana awakaripie wapiga kelele na kuwaambia watoke nje. Hilo halina utetezi. Anayevuruga sherehe ya wenzake amewakosea wenzake, awe amevaa dhahabu au suti.

Lakini rudi Kitakyushu uzitazame nguo zenyewe kwa karibu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtindo ule uliibuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana walipokwenda kwenye duka la kukodisha kimono wakitaka za dhahabu na fedha, ambazo hazikuwepo, ikabidi zitengenezwe. Leo vazi moja huagizwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe, gharama yake hufika laki kadhaa za yeni, na wengi huidunduliza wenyewe kutokana na mishahara yao. Mwaka 2023 kimono za Kitakyushu zilioneshwa kwenye maonyesho ya mitindo ya New York. Na baada ya kudunduliza hivyo, kijana huyu anakwenda wapi? Anakwenda kwenye sherehe iliyoandaliwa na halmashauri, katika mji aliozaliwa, pamoja na wale aliosoma nao, ili wazazi wake wamwone. Mkataa kwao mtumwa, lakini hawa hawajakataa kwao. Wamekuja kwao kwa kishindo. Mtu anayezidharau mila angebaki kitandani siku hiyo, na wapo wengi wanaobaki bila kupigwa picha wala kulaumiwa.

Aliyefuatilia historia ya nchi hiyo hatashtuka. Karne ya 17 ilipoanza, miji ya Japani ilikuwa na vijana walioitwa kabukimono, waliovaa rangi za kukera, wakachomeka mapanga marefu kupita kiasi na kuwachokoza wapita njia. Mwaka 1603, mjini Kyoto, mwanamke aliyeitwa Okuni alicheza ngoma jukwaani akiwa amevaa kama wanaume wa aina hiyo, na watu wakafurika kumtazama. Hapo ndipo ilipozaliwa sanaa ya kabuki. Watawala waliiona ni uchafu. Mwaka 1629 waliwapiga marufuku wanawake jukwaani, na mwaka 1652 wakawazuia na wavulana, hadi wakabaki wanaume wazima. Leo kabuki imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na wazee wale wale wanaosikitikia nywele za vijana hukata tiketi na kukaa kwa heshima mbele ya wahusika waliopakwa rangi usoni kuliko kijana yeyote wa Kitakyushu. Mwaka 1964 napo, kabla ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, polisi waliwazoa vijana waliokuwa wakirandaranda mtaa wa Ginza kwa kuwa walionekana wanaharibu sura ya jiji. Kosa lao lilikuwa kuvaa kama wanafunzi wa vyuo vya Marekani: koti lenye vifungo, shati la kola, suruali fupi kidogo. Leo aliyevaa hivyo Ginza hageuziwi shingo na mtu.

Ndiyo maana nashindwa kukubali pale neno mila linapotumiwa kama rungu. Sare nyeusi ya shule ya wavulana yenye kola iliyosimama iliigwa kwa majeshi ya Ulaya katika zama za Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, na sare ya wasichana yenye kola ya baharia ilienea miaka ya 1920 kwa kuiga jeshi la wanamaji la Uingereza. Zilikuwa mitindo ya kigeni zilipoingia. Sasa ndizo zinazoitwa nidhamu ya Kijapani, na shule zimeziongezea masharti yasiyo na asili yoyote ya kale. Mwaka 2017 msichana wa shule moja ya sekondari ya umma mkoani Osaka aliushtaki mkoa akisema nywele zake ni za kahawia tangu kuzaliwa, ila shule ilimlazimisha mara kwa mara kuzipaka nyeusi hadi akashindwa kuendelea na masomo. Hukumu ya mwaka 2021 ilisema sharti lenyewe ni halali na walimu walikuwa na sababu ya kuamini nywele zake ni nyeusi. Iliyolaaniwa ni hatua ya shule kuliondoa dawati lake darasani na kufuta jina lake kwenye orodha. Kwa hilo alipewa fidia ya yeni 330,000.

Naomba tulitafakari dawati hilo. Tunaambiwa kiini cha maadili ya Kijapani ni umoja wa kundi, kwamba hakuna anayeachwa nyuma. Halafu watu wazima, walimu, wanaliondoa dawati la mtoto kwa jina la umoja huo. Kama kuna mila iliyovunjwa pale, haikuvunjwa na msichana. Afadhali mambo yameanza kubadilika. Tangu Aprili 2022 shule za sekondari za mamlaka ya jiji la Tokyo zimeachana na masharti kadhaa ya aina hiyo, likiwemo la kuwalazimisha wanafunzi kuwa na nywele nyeusi na lile la kuwaamulia rangi ya nguo za ndani.

Serikali yenyewe imekuwa ikisema kwa midomo miwili. Mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje iliwateua wasichana watatu kuwa mabalozi wa mitindo ya vijana. Mmoja alivaa kama mwanafunzi, mwingine mavazi ya mtaa wa Harajuku, na wa tatu, Aoki Misako, alivaa mtindo wa Lolita, magauni ya marinda na lesi yanayofunika magoti, na kazi yake ya kila siku ilikuwa uuguzi. Mwaka 2013 ukaanzishwa mfuko wa kuuza utamaduni huo nje, na hapo ndipo nasi huku, tunaoijua Japani kwa magari na katuni, tunapoingia kama wateja. Kumbe kijana aliyejipamba ni fahari ya taifa akiwa Paris, na ni tatizo la nidhamu akiwa darasani Osaka.

Sisemi kila kundi la vijana ni jema. Magenge ya pikipiki ya bosozoku yalifikia zaidi ya watu 42,000 mwaka 1982, kwa hesabu ya polisi. Yalipita mitaani usiku wa manane yakiwa yameondoa vizuia kelele kwenye ekzosi, yakapigana, yakaua na kujiua barabarani. Jirani aliyekosa usingizi miaka ile hahitaji kuelezwa uzuri wa ujana. Na bado, ukichungulia ndani ya genge unaikuta Japani ile ile: mdogo anamwinamia mkubwa, anamtumikia kwa mwaka mzima kabla ya kuheshimiwa, makoti yameshonewa maneno ya uaminifu na ushujaa, na wengi waliaga genge wanapotimiza miaka 20, wakaoa na kuingia kazini. Walikuwa wahuni waliotii. Hilo linanifanya niamini kwamba vijana wa nchi ile hawakimbii utii. Wanatafuta mtu wa kumtii ambaye naye atawatunza.

Na hapa ndipo lawama inapogeuka kuwaelekea wakubwa. Heshima ya Kijapani kwa wakubwa haikuwa ya upande mmoja. Baada ya vita, kijana wa kiume alimpa mwajiri miaka yake yote, na mwajiri akampa ajira hadi kustaafu, nyongeza kila mwaka, pengine hata nyumba. (Mwanamke hakupewa mapatano hayo, yeye alitazamiwa kuacha kazi akiolewa.) Uchumi ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni zilijitoa kwenye sehemu yao. Leo zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa wana kazi za muda au za mkataba. Lakini vijana wanaotafuta ajira bado wanatakiwa kufika kwenye usaili na suti nyeusi ya namna moja, nywele nyeusi, na kuinama kwa kipimo. Wanadaiwa uaminifu wa mwaka 1965 kwa malipo ya leo. Halafu wanaulizwa mbona hawaoi na mbona hawazai.

Upande wa wazee ninaukubali kabisa pale Kabukicho, mtaa wa starehe wa Shinjuku mjini Tokyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, kando ya jengo kubwa la sinema la Toho, wamekuwa wakikusanyika vijana wanaoitwa Toyoko, baadhi yao watoto wa miaka 13 au 14. Nao wana vazi lao: nyeusi na waridi, lesi nyingi, macho yaliyopakwa wekundu kana kwamba wamelia. Ukiona picha tu utadhani ni Harajuku nyingine. Siyo. Wengi wametoroka vipigo au upweke wa nyumbani, wanameza dawa za kikohozi za dukani kwa wingi ili walewe, na wasichana hunaswa na klabu ambamo wanaume hulipwa kuwapendezesha wateja wa kike, wanalimbikiza madeni, kisha wanasukumwa kuuza miili ili walipe. Anayesema huu ni uhuru wa vijana kujieleza hajali kinachowapata. Mzee anayeuona uwanja ule na kusema kuna kitu kimeoza anasema kweli.

Swali ni kilichooza ni nini. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, zaidi ya wanafunzi 500 wa shule za Japani walijiua kila mwaka, na sidhani kama wengi wao walikuwa na nywele za waridi au lesi. Naamini wengi walikuwa watoto wa sare, waliofuata masharti. Mwaka 2024 jiji la Tokyo lilifungua kituo Kabukicho ambako kijana anaweza kuingia, kupumzika na kuzungumza na mshauri. Mwaka 2025 Bunge likabana sheria dhidi ya klabu zinazotumia mapenzi ya uongo kuwatia wateja madeni. Hatua hizo mbili zimechelewa, lakini zinamlenga mtu mzima aliyekosa, na zinampa mtoto mahali pa kukaa. Msako wa polisi peke yake humshika mtoto na kumrudisha nyumbani kwake, na kwa aliyekimbia kipigo hiyo ndiyo nyumba ya kipigo. Wiki ijayo atakuwa Kabukicho tena, na atakuwa amejifunza kutowaamini wale waliomrudisha.