Bustani ya Sanamu ya Seattle Imefuta Mafuta Vizuri Mno

Kwenye ufuko wa Ghuba ya Elliott mjini Seattle, Marekani, mahali ambapo kampuni ya Unocal ilikuwa na matangi ya kuhifadhia mafuta kwa miongo mingi ya karne iliyopita, leo ipo Olympic Sculpture Park, bustani ya sanamu ya ekari 9 iliyofunguliwa Januari 2007 na Makumbusho ya Sanaa ya Seattle. Kiingilio hakuna. Kwa hilo pekee wahusika wanastahili pongezi, maana kiwanja cha ufukweni katika jiji tajiri kwa kawaida huishia mikononi mwa wajenzi wa maghorofa. Sina nia ya kuibeza bustani hiyo. Ninachokitilia shaka ni namna ilivyoamua kuieleza historia ya ardhi yake.

Eneo hilo lilikuwa limekatwa vipande vitatu na barabara ya Elliott na njia ya reli, na wasanifu wa Weiss/Manfredi hawakujaribu kuvificha vizuizi hivyo. Walijenga njia moja ya miguu yenye umbo la herufi Z, inayoanzia juu upande wa mjini, ikavuka barabara, ikavuka reli, kisha ikateremka hadi majini, tofauti ya kimo ikiwa kama mita 12. Sehemu ya udongo uliotumika kuinua mteremko huo ilichimbwa wakati makumbusho yalipokuwa yakipanua jengo lake katikati ya jiji. Mgeni hutembea huku malori na treni za mizigo zikipita chini ya miguu yake, na kwa maoni yangu kelele hizo zinaifaa bustani kuliko ukimya ambao wengi wangeutamani.

Lakini mafuta yenyewe yako wapi? Kabla ya ujenzi, zaidi ya tani 100,000 za udongo uliochafuliwa ziliondolewa, jambo lililokuwa la lazima, na juu ya ardhi iliyobaki ukawekwa udongo safi, nyasi na miti ya asili ya eneo hilo. Matangi hayakuachwa, hata moja. Kinachokumbusha viwanda ni kazi ya mchongaji Richard Serra iitwayo Wake: kuta tano kubwa za chuma chenye kutu, zilizopinda kama mbavu za meli, ambazo zilikunjwa kwa mashine zilizowahi kutumika kuundia nyambizi za nyuklia za Ufaransa. Ni kazi nzuri, ila kutu yake imenunuliwa kwingine ikaletwa pale, ilhali kutu ya hapohapo ilikwishauzwa kama chuma chakavu au kutupwa.

Kazi ninayoiona kuwa ya kweli kupita zote wengi huipita tu, kwa sababu imo ndani ya kibanda cha kioo. Msanii Mark Dion alichukua gogo la mhemloki, mti wa jamii ya misonobari, lenye urefu wa kama mita 18, lililoanguka msituni nje ya jiji, akaliweka humo pamoja na kuvu, kuvumwani, wadudu na miche inayoota mgongoni mwake. Wageni hupewa lenzi za kukuzia ili waangalie viumbe hao kwa karibu. Gogo ambalo msituni lingeoza na kulisha miti mingine bila msaada wa mtu, hapa linahitaji kupimiwa unyevu, maji na mwanga kila siku. Kazi hiyo inakiri jambo ambalo nyasi za nje zinalinyamazia, kwamba kilichovunjwa hakirudi kilivyokuwa, na hata mfano wake una gharama isiyokoma.

Jiji hilohilo lilikwishapita njia nyingine. Gas Works Park, iliyofunguliwa 1975 kando ya Ziwa Union, ilijengwa kwenye kiwanda cha gesi kilichofungwa 1956, na msanifu Richard Haag alipambana na waliotaka minara yake mikuukuu ing'olewe yote. Minara ikabaki, na leo watoto wanacheza katikati ya mashine zilizopakwa rangi. Nakubali kwamba uamuzi huo haukumaliza sumu, kwani hadi sasa watu hukatazwa kuogelea ziwani mbele ya bustani hiyo kutokana na tope lililochafuka. Hata hivyo, hakuna anayeingia pale akatoka bila kujua palikuwa na nini. Olympic Sculpture Park haikuhitaji kuacha mtambo mzima. Tangi moja lililosafishwa, likasimama kando ya Wake, lingetosha.