Kabla ya kufunga mkanda wa presha, mwacheni mtu akae kwanza

Mama mtu mzima kutoka Naliendele kashuka kwenye bodaboda, kavutana na dereva kuhusu chenji, kasimama foleni jua likimchoma, kisha kaitwa. Anafungwa mkanda mkononi huku akiulizwa namba ya bima. "Mama, presha yako iko juu sana." Kesho yake anameza dawa. Mimi hili sikubaliani nalo.

Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, na pale mshipa mkuu unapojikunja ukitoka moyoni, kuna vihisio vinavyojua mshipa umetanuka kiasi gani. Presha ikipanda, habari hufika kwenye shina la ubongo, moyo ukapunguziwa kasi na mishipa ikalegea. Ni suala la sekunde tu.

Sasa mfikirie mkulima wa Liwale anayelinda shamba usiku, ghafla anasikia tembo anavunja mahindi. Breki hiyo ingemponza. Amigdala na haipothalamasi, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari, huubana mfumo ule palepale shinani: taarifa za vihisio zinapunguzwa nguvu, na kiwango cha presha kinacholindwa kinasogezwa juu. Ndiyo maana presha na mapigo ya moyo hupanda pamoja, wakati siku ya kawaida kimoja kingemshusha mwenzake. Damu inapungua tumboni na kwenye ngozi, misuli inapata zaidi. Mwili haujaharibika hapo, unafanya kazi yake.

Na si lazima awe tembo. Ugomvi wa chenji au hofu ya kuambiwa unaumwa huamsha njia hizohizo, japo kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, awe ameshakwenda haja ndogo, na asisemeshwe. Apimwe mara mbili. Ikisoma 140/90 au zaidi, aitwe siku nyingine kuhakikisha. Akiwa na 180/110 au maumivu ya kifua, hayo ni mengine, asicheleweshwe. (Na wewe ambaye kila kliniki unasema "nilikuwa na hasira tu", meza dawa zako.)

Wauguzi watasema watu ni wengi. Kweli, hasa siku za kliniki. Lakini ingizeni benchi lenye egemeo mle chumbani, wakae watatu wakisubiri kimya. Wa kwanza akimaliza kupimwa, wa tatu keshapumzika.