Mlimani Kilimanjaro: Diamox au usiku wa ziada?

Ubishi huu haukosi kwenye geti la Marangu. Mgeni kaja na Diamox mfukoni, kidonge cha kujikinga na ugonjwa wa mwinuko, ule wa hewa nyembamba ya juu. Kiongozi wake, mtu wa mlima miaka mingi, anamwambia aachane nayo. Eti kidonge kinaficha ugonjwa wa mwinuko, dawa ni pole pole na maji. Kwenye pole pole nipo naye. Kwenye kuficha, hapana.

Tukiwa chini huku, kinachotusukuma kupumua hasa si uhaba wa oksijeni bali kujaa kwa kabonidayoksaidi. Shina la ubongo hupima asidi inayoletwa na hewa hiyo, ikizidi, unahema. Oksijeni ina walinzi wake, vihisio vidogo kwenye mishipa ya shingo, ambavyo hutulia mpaka ipungue sana. Mlimani inapungua kweli: kilele cha Uhuru, mita 5,895, kina takriban nusu ya mgandamizo wa hewa wa pwani. Vihisio vinaamuru uheme haraka. Unahema, kabonidayoksaidi inatoka kupita kiasi, damu inaelemea kwenye alkali, na ubongo unakanyaga breki. Lala kambi ya Horombo usiku mmoja utausikia mvutano huo kitanda cha jirani: anahema kwa kasi, anakata kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu anashtuka akitweta.

Wasuluhishi ni figo. Zinamwaga bikaboneti, alkali ya damu, kwenye mkojo hadi breki ilegee, ila zinataka siku kadhaa. Diamox haifichi kitu, inaziharakisha kwenye kazi hiyohiyo, ndiyo maana anayeimeza hakauki chooni; vidole navyo humchomachoma. Dawa inayoweza kuficha dalili ni deksamethasoni, ya jamii ya steroidi, na nahisi hapo ndipo viongozi wengi wanapochanganya.

Hata hivyo hofu yao ina msingi. Safari ya siku tano kwa njia ya Marangu inakulaza kambi ya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720: mita elfu kila usiku, wakati ushauri wa kitabibu ni kutozidisha mita 500 hivi kwa usiku ukishavuka 3,000. Ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku, kwa hiyo kukata usiku mmoja ni kuokoa pesa, na kidonge kinageuka kisingizio cha ratiba mbovu. (Mpagazi mwenye kilo 20 anafuata ratiba hiyohiyo, na sijasikia akiulizwa kama naye anahitaji kidonge.) Tena kidonge si kinga kamili. Anayepepesuka au kuweweseka anashushwa hapohapo, awe amemeza au hajameza.

Kwa hiyo mwenye pesa ya jambo moja tu, anunue usiku wa pili Horombo: mchana apande hadi Zebra Rocks, miamba iliyo juu ya kambi, jioni arudi kulala. Diamox ije juu ya hapo, baada ya kumwona daktari, hasa kama aliwahi kudhurika na dawa za salfa.