Maruweruwe ya Dawa: Daktari Kwanza, Kesi Baadaye

Machi 2019, katika wilaya za Napak na Amudat huko Karamoja, Uganda, vituo vya afya vilianza kupokea watu wenye homa, waliochanganyikiwa, wengine wakiweweseka. Walikuwa wamekula uji wa unga wa lishe uliosambazwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Karibu watu 300 waliugua, watano wakafa. Uchunguzi ulikuta katika unga huo sumu za jamii ya atropini na skopolamini, zile zilizomo kwenye mbegu za datura, mmea ambao pwani huitwa mnanaha.

Wale walihesabiwa wagonjwa, wakatibiwa. Lakini kijana akizitafuna mbegu hizohizo kwa kutaka mwenyewe, mwili wake hupatwa na yaleyale, ila mapokezi huwa mengine kabisa: kamba, kipigo, polisi, au mganga wa kumpunga pepo. Naamini hapo tunakosea, ingawa wanaokataa kuuita ulevi huu ugonjwa wana hoja za kusikilizwa.

Dawa za maruweruwe, yaani zinazomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, si za aina moja. LSD, dawa ya maabara ambayo mkemia wa Uswisi Albert Hofmann aligundua nguvu zake mwaka 1943, na uyoga wenye kemikali ya psilosaibini hugusa vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Aliyetumia huona rangi na maumbo yakicheza, hofu inampanda, moyo unakwenda mbio, lakini mara nyingi bado anajua ni dawa inayomtenda. Wengi hutulia wakiwekwa chumba kimya, na mtu wa kuwasemesha kwa upole. Hofu ikizidi, daktari hutoa diazepamu, dawa ya kutuliza.

Datura ni balaa jingine. Aliyeila huzungumza na watu wasiokuwepo na anaamini wapo. Ngozi imekauka na inawaka, mboni zimetanuka, mkojo umegoma kutoka. Ukimfunga kamba naye akapambana nazo, joto la mwili linazidi kupanda, na joto hilo linaweza kuua. Akifikishwa hospitali kama kichaa tu, akachomwa sindano ya klopromazini, dawa ya wagonjwa wa akili, hali yaweza kuharibika zaidi, kwa sababu dawa hiyo nayo hutenda kwa kiasi fulani kama sumu aliyokula.

Sasa daktari atajuaje? Vipimo vya kawaida vya mkojo havitambui LSD, uyoga wala datura. Anayejua ni rafiki aliyekuwa naye, na rafiki huyo akihofia pingu atamwacha mlangoni na kutokomea. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote.

Upande wa pili unauliza: tukiuita ugonjwa, nani atawajibika? Mtu akigonga na kuua akiwa ndani ya maruweruwe, familia ya marehemu iambiwe tu kwamba dereva alikuwa mgonjwa? Swali hilo ni la haki. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimelijibu kwa sehemu: ulevi kwa kawaida haumwokoi mshtakiwa, isipokuwa katika hali chache, kama vile kuleweshwa na mwingine bila ridhaa yake, au kupatwa na wazimu, hata wa muda, asijue alitendalo. Kumtibu mtu usiku hakuzuii mahakama kumsikiliza baadaye.

Wana hoja nyingine ninayoikubali zaidi. Si kila aliyejaribu ni mgonjwa wa kudumu. LSD na uyoga havimtii mtu arosto kama heroini. Wapo wachache wanaobaki wakiona michirizi ya mwanga kwa miezi, na wengine huamshiwa maradhi ya akili yaliyomo kwenye ukoo. Hao wanahitaji kliniki. Kijana aliyeonja mara moja, kumfungia miezi kwenye nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya, ni kumbandika jina litakalomfuata mtaani.

Muuzaji ni wa polisi, sibishani. Rafiki aliyemleta mwenzake akasema ukweli kuhusu walichotumia asikamatwe kwa maneno aliyomwambia daktari. Asipopewa uhakika huo, daktari wa zamu ataendelea kubahatisha sindano.